Taa ya breki iliyowaka na karatasi iliyosema haiwaki: kisa cha dereva wa kirikuu

Mimi ni msaidizi wa kisheria mkoani Mtwara. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu wa kazi yangu: tunatoa elimu na ushauri, tunaelekeza watu pa kwenda, lakini hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Malalamiko ninayoletewa zaidi na madereva ni ya kuandikiwa kosa la ubovu wa gari ambalo dereva anaapa kwamba halipo. Mengi hufika kwangu yakiwa yamekwisha haribika. Mtu kalipa tayari, au katengeneza gari, au kagombana na askari hadi kisa kikageuka kuwa cha matusi.

Hiki kilifika kikiwa bado kibichi, ndiyo maana nakieleza chote. Mwenye gari na dereva wameniruhusu. Majina niliyotumia si yao, na kituo, tarehe na namba ya gari nimeviondoa.

Gari na watu wake

Mama Zuhura hununua samaki Mikindani na kuuza Masasi. Anamiliki kirikuu kimoja, yaani kigari kidogo cha mizigo. Nyuma wamepanga maboksi mawili ya majokofu mabovu yaliyojazwa barafu, juu turubai. Dereva wake, Saidi, ana miaka hamsini na kitu na ameshika usukani zaidi ya miaka ishirini. Anafuatana na mpwa wake, kijana wa kupakia na kushusha.

Gari lilikuwa na mambo mawili ambayo wote watatu waliyajua. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa na ufa tangu Ramadhani. Na mwezi mmoja kabla, bodaboda ilikuwa imewagonga nyuma kushoto pale sokoni ikavunja kava ya taa. Fundi aliwatafutia kava iliyokwisha tumika, kutoka gari jingine. Ilikaa vizuri, ila ilikuwa imepauka kwa jua. Ya kulia nyekundu ya damu ya mzee, ya kushoto imefifia hadi kuwa rangi ya waridi. Balbu ndani ilikuwa ileile ya siku zote, yenye nyuzi mbili, wati 5 kwa taa ya usiku na wati 21 kwa breki.

Karatasi maana yake nini

Hapa ndipo madereva wengi huteleza. Kwa kifungu cha 95 cha Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, karatasi anayokupa askari ni taarifa kwamba anakutuhumu. Si hukumu. Ukikubali kosa, unalipa faini na mambo yanakwisha. Usipokubali, njia ni mahakamani, na huko anayekutuhumu ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Kulipa ni kukiri. Sijaona mtu aliyelipa leo akarudishiwa kesho kwa sababu alilipa akiwa amenuna.

Faini kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kila kosa. Bodaboda na bajaji zilishushiwa hadi 10,000 tangu Julai 2021. Kirikuu, pamoja na udogo wake, ni gari, kwa hiyo ni 30,000.

Asubuhi ya tukio

Ilikuwa kipupwe, wakati mikorosho inaanza kupulizwa salfa. Waliondoka Mikindani saa kumi alfajiri. Saa moja na dakika ishirini walikuwa wamekwisha pita Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ya Lindi, wakielekea bara. Mahali fulani kabla ya Ndanda wakasimamishwa.

Saidi alitoa salamu vizuri, "Pole na kazi, afande," akatoa leseni. Ndani ya mfuko wa leseni kulikuwa na noti ya 5,000 iliyokunjwa. Hakuombwa. Ameniambia mwenyewe kwamba ameizoea mno hata hakumbuki kuiweka.

Askari, kijana wa miaka thelathini hivi, aliifungua leseni akasita. "Mzee, hii ni nini?"

"Ya maji tu, afande."

"Itoe."

Saidi akaitoa. Kuanzia hapo, anasema, sura ya yule kijana ilibadilika, na ukaguzi ambao labda ungekuwa wa dakika moja ukawa wa gari zima. Kioo kikaonekana. Kisha askari akazunguka nyuma akamwambia akanyage breki. Akamwambia tena. Akarudi dirishani: "Taa ya breki ya kushoto haiwaki."

Saidi akasema inawaka, ameiangalia alfajiri. Mpwa naye, kwa kutaka kusaidia, akadakia: "Mjomba, si umwambie tunafahamiana na mkubwa wao?" Hawakumfahamu mkubwa yeyote. Askari akauliza mkubwa gani, kijana akanyamaza. Saidi aliomba taa iangaliwe mara ya tatu. Jibu likawa, "Nimeshaona." Mashine ikatoa karatasi: makosa mawili, kioo na taa, jumla 60,000, kwa kontro namba moja, yaani namba ya kulipia.

Dakika kumi zilizofuata

Saidi alimpigia Mama Zuhura, na Mama Zuhura akaniunganisha nami kwenye simu ya pili. Swali lake kwa dereva ndilo lililonifanya nimheshimu mama yule:

"Kaka Saidi, kioo ni kweli?"

"Kioo ni kweli, mama."

"Na taa?"

"Taa inawaka. Nakanyaga hapa, dogo anaiona."

"Basi cha kioo tutalipa. Cha taa hatulipi."

Mimi niliongeza mambo matatu. Asilipe ile kontro namba, maana imebeba makosa yote mawili na haigawanyiki. Asimruhusu fundi yeyote kugusa taa ile. Na apige video ya gari lake, bila kumpiga askari wala kituo. Sikumwambia vipi aipige, na hapo nilikosea mimi.

Video ya kwanza ina sekunde kumi na nne. Mpwa amesimama nyuma ya gari palepale liliposimamishwa, Saidi anakanyaga na kuachia. Niliitazama kwenye simu yangu nikaingiwa na ubaridi: taa ya kulia inawaka na kuzima wazi, ya kushoto haionekani kubadilika hata kidogo. Kwa macho yangu, askari alikuwa sahihi.

Nikampigia Saidi nikamwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema maneno yaliyogeuza kisa chote: "Jua linaipiga, mwanangu. Ngoja niisogeze kivulini."

Mwezi wa sita huku kwetu jua huchomoza likiwa limeinama kaskazini-mashariki. Barabara kutoka Mnazi Mmoja inashuka kusini-magharibi. Saa moja na nusu asubuhi, gari linaloelekea Masasi limeligeuzia jua mgongo, na jua lenyewe bado liko chini, linaingia moja kwa moja kwenye kava za taa za nyuma. Kava iliyopauka ikipigwa hivyo inang'aa muda wote, breki ikanyagwe isikanyagwe. Iliyokoza rangi inameza lile jua na kuacha balbu ionekane.

Alisogea kama mita mia mbili hadi chini ya mkorosho. Video ya pili imepigwa hapo. Inaanzia kwenye nguzo ya kilomita kando ya barabara, inakuja kwenye namba ya gari, kisha taa. Zote mbili zinawaka. Ya kushoto ni hafifu kuliko mwenzake, lakini hakuna mtu mwenye macho angesema haiwaki.

Barafu ilikuwa inayeyuka. Wakaendelea na safari.

Masasi, na fundi aliyekataliwa

Walishusha samaki kabla ya saa nne. Fundi umeme wa magari wanayemzoea aliposikia habari, alitaka papo hapo kuweka balbu mpya na kubadilisha kava, bure, kwa kuwa ni wateja wake. Saidi alikataa. Fundi alikasirika kidogo, aliona anadharauliwa. Uamuzi huo naona ndio uliookoa kisa, nitaueleza mbele.

Jioni wakapita kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya, ambaye madereva humwita DTO. Hakuwepo. Waliambiwa warudi kesho asubuhi.

Siku ya pili ofisini

Tulikwenda watatu: Mama Zuhura, Saidi na mimi. Nilikaa nyuma makusudi. Anayelalamika ni dereva na mwenye gari. Msaidizi wa kisheria akitangulia mbele na vifungu vya sheria, ofisi nzima hujikunja.

Tulikuwa tumeandika ukurasa mmoja kwa mkono. Kwanza, kioo kina ufa, tunakubali na tuko tayari kulipa. Pili, taa ya breki ya kushoto inafanya kazi, tunaomba mkaguzi wa magari aiangalie. Tatu, balbu na kava havijaguswa tangu jana asubuhi. Nne, kama haiwezekani kumalizika hapa, Saidi anaomba shauri hilo moja lipelekwe mahakamani. Sentensi ya nne tulibishana nayo usiku. Mama Zuhura aliona ni kama kutisha. Mimi niliona ni haki ambayo isipotajwa hugeuka kuwa haipo. Tukaiweka mwishoni, kwa lugha ya kuomba.

DTO alisoma, akaita mkaguzi. Huyo alikuwa mtu mzima, mkimya, ana bisibisi mfukoni. Aliagiza breki ikanyagwe gari likiwa kwenye kivuli cha jengo: zikawaka zote. Hakuishia hapo. Aliinama akaangalia skrubu mbili zinazoshika ile kava. Vumbi jekundu lilikuwa limejaa kwenye mifereji ya vichwa vyake na kukauka kama udongo wa kichuguu. Ilibidi alikwangue ndipo bisibisi ishike. Kava ilipotoka, balbu ilikuwa na weusi kwenye kioo chake kama balbu za siku nyingi, na kitako chake kilikuwa na pete ya kutu iliyoshikana na kishikizo. Aliitikisa, akairudisha, akasema, "Hii haijabadilishwa jana. Wala mwezi huu."

Askari wa jana aliitwa. Alikuja na kusema kwa utulivu kwamba alichokiandika ndicho alichokiona, na alikanyagisha mara mbili. Hapo nilifanya jambo ambalo Mama Zuhura hakulipenda: nilimwomba Saidi aonyeshe ile video ya kwanza, ile inayotuumiza. DTO akaitazama, askari akaitazama. Kijana akasema, "Si mnaona?" Kweli tuliona.

Saidi akamwomba, kwa adabu, gari litolewe juani na kuelekezwa kama lilivyokuwa jana. Ilikuwa saa mbili kasoro, jua bado liko chini. Likatolewa. Saidi akakanyaga. Kutoka pale aliposimama askari, ya kushoto haikubadilika. Tukakaa kimya. Kisha yule kijana mwenyewe akasogea, akavua kofia yake, akaiinamishia juu ya ile kava ikatengeneza kivuli kama kiganja. "Kanyaga, mzee." Chini ya kofia taa ikawaka nyekundu. "Achia." Ikazima. Akafanya hivyo mara tatu, kisha akavaa kofia yake, akamgeukia mkubwa wake: "Inawaka, afande."

Matokeo

Deni la 60,000 liliombewa kufutwa kwenye mfumo, na karatasi mpya ikatolewa kwa kosa la kioo peke yake, 30,000. Mama Zuhura alilipa kwa simu kabla hatujatoka getini. Mkaguzi alitoa maelekezo kwamba kava ya kushoto ibadilishwe, kwa sababu taa isiyoonekana juani haimsaidii dereva wa lori aliye nyuma yako.

Deni la zamani halikutoweka siku hiyohiyo. Kila asubuhi mtoto wa Mama Zuhura aliingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni. Siku ya tatu ndipo lilipoondoka. Nashauri kila mtu afanye hivyo. Deni linafuata namba ya gari, na askari wa kizuizi kinachofuata hajui mlichokubaliana ofisini.

Na hesabu ya fedha ni hii: aliokoa 30,000. Mafuta ya safari ya pili yalimtoka 45,000, na siku nzima bila samaki sokoni.

Nilichojifunza kwenye kisa hiki

Nianze na noti ya 5,000, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Madereva wengi wakisimulia kisa cha namna hii husema askari alitaka hela. Huyu hakutaka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamkamata anayetoa sawasawa na anayepokea, na Saidi angeweza kuishia na kesi ambayo mbele yake taa ya breki ni mchezo wa watoto. Hata bila kesi, ile noti ilimwambia askari jambo moja tu: mzee huyu ana cha kuficha. Sidhani aliandika taa kwa chuki, lakini naamini ndiyo iliyomfanya asikubali kuangalia mara ya tatu. Pale ambapo askari ndiye anayeomba, namba ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113 na kupiga ni bure. Ila leseni isiwe na kitu ndani yake zaidi ya leseni.

Kukiri kioo kulitusaidia kuliko nilivyotarajia. Mtu anayekataa kila kitu husikilizwa kama mtu anayekataa kila kitu. Ukurasa wetu ulipoanza na "tunakubali", DTO alisoma hadi mwisho. Gharama yake ni kwamba kontro namba moja ilikuwa imefunga makosa mawili, kwa hiyo hatukuweza kulipa tunachokubali na kubishia tunachobishia bila kwenda ofisini. Laiti Saidi angeomba palepale, kabla mashine haijatoa karatasi, yaandikwe mbalimbali.

Kuhusu fundi. Silika ya kila dereva mwema ni kutengeneza. Lakini balbu mpya ingetufungia mlango. Kila ambacho mkaguzi angeona, jibu lingekuwa "mmebadilisha jana", nasi tusingekuwa na la kusema. Lile vumbi kavu kwenye skrubu lilisema kuliko sisi watatu. Hii ina mpaka wake, nausema kwa msisitizo: kama taa kweli haiwaki, au breki zenyewe hazishiki, usiendeshe gari bovu kilomita mia moja ili kulinda ushahidi. Sisi tulikuwa na hakika inawaka.

Kuonyesha video ya kwanza ilikuwa hatari. Wenzangu wawili niliowasimulia wanasema nilibahatisha, na huenda wana haki. Sababu yangu ilikuwa kwamba bila video ile, njia pekee ya kushinda ilikuwa kumfanya askari awe mwongo mbele ya mkubwa wake. Hakuwa mwongo. Video ilimpa nafasi ya kusema aliona sawa na bado akakubali kwamba taa ni nzima. Mtu akipewa mlango wa kutokea, mara nyingi hutoka.

Makosa yetu mengine ni madogo lakini yangetosha kutuangusha kama yule DTO angekuwa mtu mwingine. Mpwa kutaja mkubwa asiyekuwepo. Video ya kwanza kukosa namba ya gari. Na pale barabarani, Saidi aliomba taa "iangaliwe tena" badala ya kushuka, kwa ruhusa, na kuikinga jua kwa mkono. Hakujua jua ndilo tatizo, simlaumu. Lakini kukinga taa kwa kiganja ni jambo la sekunde tatu, na lingemaliza kila kitu pale pale.

Kwa upande wa askari: kuona vibaya si kosa, na jua la vile lingemdanganya yeyote. Kosa lilikuwa "nimeshaona". Mtu anapoomba uangalie tena kitu kinachoweza kuangaliwa kwa sekunde tatu, kumkatalia kunakugharimu asubuhi nzima ya kesho, kama ilivyomgharimu.

Je, kwenda mahakamani kungefaa? Tungekwenda, lakini ningekuwa na wasiwasi. Kava ingekuwa imebadilishwa kufikia siku ya kusikilizwa, jua lingekuwa upande mwingine wa mwaka, na hakimu angebaki na neno la askari dhidi ya video moja. Ushahidi wa kisa kama hiki unaozea pamoja na samaki.

Na kama ilistahili kabisa, kwa 30,000? Nilimuuliza Mama Zuhura moja kwa moja. Alisema mwaka juzi alilipia tairi ambalo hakuamini kuwa ni kipara, akalipia na indiketa, na kila alipolipa alianza kumtilia shaka Saidi, kwamba pengine gari halitunzi na anamficha. "Safari hii nimejua," akasema. Sina hesabu ya kumpinga.

Hali ilivyo sasa

Kava mpya, nyekundu iliyokoza, ilitoka Dar es Salaam kwa basi. Kioo kilibadilishwa wiki ileile. Alfajiri kabla ya kupakia, Saidi hurudisha gari nyuma hadi karibu na ukuta wa nyumba ya Mama Zuhura, anakanyaga breki na kutazama kwenye kioo kama madoa mekundu ukutani ni mawili na yamelingana. Juani, mpwa husimama nyuma na kuikinga kila taa kwa kiganja. Leseni ya Saidi sasa iko kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha pande zote mbili.